Upana wa Sentimita Arobaini na Sita

Karakana, 4 Machi

Kwako Cheche,

Shikamoo uliyonipa kwenye simu mtandao uliimeza nusu, basi marahaba ya nusu niliyoisikia na ya ile nyingine pia. Simu ya huko ikishika inashika salamu tu, ndiyo maana nimechukua kalamu. Huku wote wazima. Mama yako amegombana na mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja, ameshinda, kwa hiyo wiki hii ana furaha kuliko sisi wote. Mdogo wako kaingia mwaka wa pili chuoni na siku hizi anasalimia watu kwa kutikisa kichwa, kama mheshimiwa. Fundi rangi anakusalimu. Anauliza kama huko kuna wanawake wa kuoa. Nimemwambia amalize kwanza geti.

Fundi mkuu ameniacha. Kafungua karakana yake ng'ambo ya barabara, nikisimama mlangoni namwona anavyokunywa chai. Kibao chake kinasema "Mafundi wa Uhakika", na zile herufi nilizitambua mara moja: kazichora fundi rangi wangu, kwa rangi yangu. Nilipombana akasema, "Mama Geti, kazi ni kazi."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Juzi mama yako anapiga pasi, mara ananiambia, "Wifi, mtoto anataka kukaa huko miaka mitano." Alisema kama mtu anayesema umeme umekatika. Mimi niliyekuchukua una miaka tisa, kaburi la baba yako bado bichi, nikakufundisha kutofautisha bomba la inchi moja na la robo tatu kwa kuligusa tu, leo habari zako nazipata kwenye meza ya pasi.

Uliniaga kwa mwaka mmoja wa kujitolea. Nikasema nenda, kawafundishe watu kutengeneza viti vya magurudumu, roho yako iridhike, urudi. Mwaka unaisha Septemba. Miaka mitano ni miezi sitini, na mimi nina miaka hamsini na minane. Jumlisha. Huko si kujitolea tena, ni kuhama, na mtu anayehama anaaga.

Hospitali imeagiza vitanda sitini na viwili. Karakana hii ilikuwa yako, hilo halijawahi kuwa siri. Niambie ndiyo au hapana. Usinizungushe.

Ni mimi Shangazi yako.


Ghalani, 2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, mashavu yameongezeka, na malaria niliyokuwa naiogopa haijanikumbuka. Mwambie fundi rangi wanawake wapo, ila wanapenda mwanamume anayemaliza geti.

Kuhusu mama, nisamehe. Nilitaka kuyajaribu maneno yangu kwake kabla ya kuyaleta kwako. Sikujua atayabeba nusu yakiwa mabichi. Ukweli ni huu: sijasaini. Shirika lililonileta limeniomba nibaki, na mratibu wake amenipa muda mpaka katikati ya Septemba.

Kazi tunafanyia kwenye ghala la zamani nyuma ya zahanati. Lina dirisha moja, na tukipiga nyundo vumbi la nafaka linatoka kwenye nyufa mpaka tunapiga chafya kwa zamu. Nina wanafunzi wanne. Mmoja, mama wa makamo, anachomelea vizuri kuliko nilivyokuwa nachomelea mwaka wangu wa tatu kwako, na ananitania kwa lugha yao nikiwa nimesimama palepale. Lugha bado inanipiga chenga. Najua kaa, inuka, shika, asante, na "inauma?" Kila nikiuliza "inauma?" watu wanatabasamu na kusema hapana.

Viti vimetoka ishirini na vinne. Ile kalibu yetu, fremu ya chuma iliyofungwa juu ya meza ndefu na mabomba yote hupangwa ndani yake kabla ya kuchomelewa, niliichukulia vipimo kabla sijaondoka nikaitengeneza upya huku. Kwa hiyo kila kiti ni pacha wa mwenzake, na wote ni mapacha wa viti vyako: upana wa kukalia sentimita arobaini na sita. Siku ya kuvigawa tulishukuriwa mpaka nikaona haya.

Nina swali dogo. Arobaini na sita ilitoka wapi? Nani aliamua? Nimeikuta tangu utotoni, sikuwahi kuuliza. Kuna daktari wa viungo hapa zahanati, aliniuliza, nikamwambia nitakuuliza wewe.

Cheche wako.


Karakana, 29 Aprili

Cheche,

Barua nimeipata. Vumbi nimeliona, chafya nimezisikia, ila ndiyo wala hapana sikuiona.

Mama yako ana kikohozi, si kikubwa, ni cha kutaka kuulizwa. Vitanda tumepeleka kumi na tisa. Kimoja kimerudishwa kwa sababu kinachechemea: mguu mmoja mfupi kwa sentimita moja na nusu. Kwangu mimi! Yule kijana wa stoo ya hospitali alinieleza polepole kama anayemweleza bibi yake, nikatamani kumpiga na huo mguu. Ni taa. Taa ya juu ya meza imefifia, nimeagiza nyingine.

Hilo swali lako sijui umelitoa wapi. Kipimo ni kipimo. Tangu nianze nimetoa viti mia tatu na kumi, hakuna hata kimoja kilichorudi. Mwambie daktari wako wa viungo anionyeshe mia tatu vyake, ndipo tuzungumze.

Na nikuulize mimi. Hao watu kabla hujafika walikuwa wanaishi, sivyo? Na wana mashangazi wao, sivyo? Mimi pia kuna mtu ananidai kiti, na mwingine dirisha, na hospitali vitanda arobaini na vitatu, na mikono ninayo miwili. Ukisaini, nitakuwa nimemfundisha kazi mtoto wangu ili akawafae wengine. Sisemi ni dhambi. Nasema iseme kwa jina lake.

Shangazi.


Ghalani, 6 Juni

Shikamoo Shangazi,

Mpe mama pole ya kikohozi, na muulize kila siku kinaendeleaje, kitapona. Mimi mwili mzima, moyo haupo vizuri. Barua iliyopita kuna jambo sikukuandikia. Nilikuwa nimeona kiti kimoja hakimkai mwenyewe sawa, nikadhani litapita.

Unasema hakuna kiti kilichorudi. Mimi pia ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu wa shirika.

Mtu wa kwanza kupata kiti huku alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba, miguu yake imelala tangu utotoni. Anashona mapazia kutwa nzima. Kiti kilimzidi pande zote mbili, kwa hiyo akawa anaegemea upande mmoja ili mkono ufike kwenye gurudumu la cherehani. Mimi nilikuwa nampitia kila mwezi. Naketi, napewa chai, nauliza "inauma?", anatabasamu, anasema hapana, naandika kwenye ripoti kwamba anaendelea vizuri. Mwezi uliopita nilipoingia chumbani kwake nilikutana na harufu. Nikamwita daktari wa viungo. Alipomfunua, kidonda cha nyongani kilikuwa kimefika mfupani.

Yuko hospitali, analala kifudifudi. Nilimwomba daktari anitafsirie, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Umetoka mbali sana. Ningeanzaje?"

Tumewapima wote ishirini na wanne, daktari akinionyesha namna. Tisa viti vimewakaa. Kumi na watano, hapana. Kuna mtoto mmoja wamemzungushia magunia ili asidondoke, na mama yake alipotuona akayaficha magunia kwanza.

Kalibu niliyoitengeneza huku nimeikata kwa grinda. Sasa kila mtu anapimwa mwenyewe, na kila mtoto anapimwa upya kila mwaka kwa sababu anakua. Wanafunzi wangu wanajua kuchomelea, kupima mwili bado. Hapo ndipo miaka mitano inapotoka, Shangazi. Sikuitunga.

Sitaki kusaini kwa sababu ya aibu. Lakini pia nikirudi nyumbani sasa hivi, sijui nitakuwa narudi au nakimbia.

Jambo jingine. Mistari ya barua yako inapanda mlima, na miwili imeandikwa juu ya mwenzake. Na wewe mguu wa kitanda huwezi kuukosea hata umefungwa kitambaa. Macho vipi?

Na nauliza tena, nisamehe. Arobaini na sita ilitoka wapi?

Cheche.


Karakana, 21 Agosti

Cheche,

Usishtuke kuona herufi nzuri. Mwandishi ni fundi rangi, ndiyo maana barua inafanana na kibao cha adui yangu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asiongeze chake. (Sijaongeza. Za huko, dada?) Umeona?

Mama yako amepona. Mdogo wako amepata mchumba, ameanza tena kusalimia watu kwa mdomo.

Barua yako ya Juni nimekaa nayo muda mrefu. Kwanza nilitaka kukujibu kwa ukali. Halafu nikaona aliyeniudhi si wewe.

Arobaini na sita ni bibi yako. Alipopooza nilikuwa na miaka ishirini na minne, naokota vyuma chakavu na kuviuza. Kiti cha dukani hatukuweza. Nikaazima mashine ya kuchomelea, nikampima mama yangu kwa kamba ya kiatu kwa kuwa futi sikuwa nayo, kamba nikaenda kuilinganisha kwenye rula ya shule ya baba yako. Alikuwa mwanamke wa mwili, unakumbuka mikono yake. Kiti kilimkaa kama gauni la kushonewa. Majirani wakaja, mmoja anataka kama kile kwa baba yake, mwingine kwa mwanawe. Nikatengeneza kalibu nisihangaike kupima kila siku. Sikukosea, Cheche. Nilipima vizuri kabisa. Nilimpima mtu mmoja.

Mwezi uliopita nilimchukua fundi rangi tukaenda kugonga milango ya wateja wa karibu. Nyumba kumi na moja. Nimekuta mablanketi yamesokomezwa, nimekuta mtoto amefungwa kwa mkanda wa suruali ya baba yake, nimekuta kiti kimewekwa sebuleni wageni wakione na mwenyewe yuko sakafuni kwenye mkeka. Wote wananiambia, "Mama Geti, Mungu akubariki." Mlango wa mwisho ni yule seremala mstaafu wa nyuma ya shule. Ameegemea ubavu kama gunia lililofunguka. Nikamuuliza, inauma? Akasema, "Hapana, kiti safi sana." Nikamwambia, wewe mzee, usinifanye mgeni, mimi nimekua nikinunua mbao kwako. Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume yule akilia, hata siku msumeno ulipomkata kidole.

Sasa macho. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, daktari aliniambia tangu Februari. Sikukuambia kwa sababu ungerudi kwa huruma, na mimi sikutaka huruma, nilitaka urudi kwa kuwa karakana ni yako. Fundi mkuu aliondoka alipoona siwezi tena kusoma futi. Alikuwa na haki, ingawa nitamchukia mpaka nife.

Kazi uliyo nayo huko ndiyo hiihii niliyo nayo hapa, tena yangu ni viti mia tatu na kumi. Wewe unajua kupima mwili, mimi sijui, na hata ningejua namba sizioni. Sijawahi kukuomba kitu maishani, nilikuwa naagiza tu. Leo naomba. Usisaini. Rudi.

Shangazi yako.


Ghalani, 14 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kifupi. Tangu Juni sijapata neno kutoka kwako. Gari la shirika linaloleta barua liko gereji, wanasema kifaa kimeagizwa mbali, kwa hiyo sijui kama umekasirika au umeandika na barua imelala mahali.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Nilikwenda ofisini asubuhi, nikamwambia mratibu naomba wiki moja. Akasema ameshanipa miezi sita. Nimesaini. Miaka mitano. Nilipotoka nje nikakaa kwenye ngazi za zahanati kama mgonjwa.

Fundi cherehani amerudi nyumbani. Kiti chake kipya kina upana wa thelathini na sita. Jana nilimpitia, nikauliza, akanionyesha chini ya goti, akasema, "Hapa. Hapa panauma." Nilifurahi kama mjinga. Tukapalegeza palepale.

Kama umekasirika, sema. Nitaivumilia hasira yako. Kimya chako sijui nikishike wapi.

Cheche.


Ghalani, 3 Oktoba

Shangazi,

Barua yako ya Agosti imefika juzi. Ilikaa kwenye gunia gereji muda wote nilipokuwa naisubiri.

Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nimelia kwa ajili ya bibi, na kwa ajili ya yule mzee, na kwa macho yako ambayo ulinificha. Baadaye nikaenda kwa mratibu, nikamwambia nina shangazi anayepofuka. Alinisikiliza vizuri. Akasema mkataba unaweza kuvunjwa, hakuna atakayenishitaki, wataandika tu kwamba nimeondoka kwa sababu za kifamilia.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba nimefungwa. Mlango uko wazi.

Nimezunguka na jambo hili, usiku silali, kazini nakata mabomba mafupi. Shangazi, sitauvunja. Nikiondoka leo, wanafunzi wangu watarudi kwenye kalibu ndani ya miezi mitatu, kwa sababu ni rahisi na watu watawashukuru vilevile. Nawajua, kwa sababu hata mimi ningefanya hivyo. Kungekuwa na fundi mwingine huku anayeona jambo hili, ningepanda gari kesho.

Nakuambia wewe kwanza. Mama bado hajui.

Desemba napewa likizo ya wiki tatu. Nitakuja, nitapima kila nitakayemfikia. Na nakusihi, usingoje nije, kapasuliwe macho. Karakana mpe unayemtaka, sitasema neno.

Najua kwamba nimekunyima kitu cha kwanza ulichoniomba.

Cheche.


Karakana, 9 Novemba

Cheche,

Tumeamka, wote wazima. Mama yako sasa anajua, nimemwambia mimi, naye akachukua jagi akaenda kumwagilia maua ambayo yalikuwa yameshamwagiliwa.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya pili nilitaka kuhakikisha fundi rangi hajaruka maneno. Hakuruka.

Nimeumia, na sitakuandikia kwamba nimeridhika. Mtu aliyekulea anakuomba mara moja, mlango uko wazi, na wewe unaufunga kwa mkono wako. Laiti wangekufunga wao ningewatukana nikapumua. Na hizo wiki tatu zako ni siku ishirini na moja. Viti mia tatu na kumi, unatakiwa upime karibu kumi na vitano kwa siku, Jumapili zikiwemo, usile, usisalimie mtu. Hesabu haikubali, na ulijua haikubali wakati unaiandika. Njoo, kitanda chako kipo, lakini usije na hiyo kama malipo.

Jicho la kulia linapasuliwa Jumanne. La kushoto baada ya miezi mitatu. Si kwa kuwa umenisihi. Nimechoka kusomewa na mtu anayecheka kabla ya kusoma.

Kalibu nimeifungua bolti kwa mikono, sikuhitaji macho. Geti na madirisha tunaendelea kupokea. Viti vipya hatupokei mpaka nijue ninachofanya. Ng'ambo ya barabara wanapokea, wanatumia arobaini na sita, walijifunzia kwangu. Nimekwenda kuwaambia. Wamesema wateja wao hawajalalamika.

Yule seremala mstaafu wanawe wamemleta leo asubuhi. Amekaa hapa karibu yangu, kwenye benchi, wakati haya yanaandikwa. Nimeshika futi, fundi rangi yuko tayari kunisomea namba, na mimi sijui naanza wapi. Naanza na nyonga au na mgongo? Apimwe amekaa au amelala? Goti linahesabiwa kwa nyuma au kwa mbele? Na ubavu ulioinama nifanyeje, niufuate au niunyooshe? Niandikie yote, moja baada ya jingine, polepole, kama unavyowafundisha hao wanne wako. Usiruke kitu kwa kudhani nakijua.

Nimemwambia mzee kwamba majibu yanaweza kuchukua mwezi. Amesema atangoja, ila kuanzia leo hatanyamaza, kila siku atapita hapa kuniambia panapouma. Ameshaanza. Fanya haraka.

Shangazi yako.